Gari Lililozunguka Kengele

Kaeni vizuri, wapendwa. Sogeleaneni kidogo ili hao waliosimama mlangoni wapate pa kukaa. Leo nataka niwapeleke mbali, kwenye nchi moja kavu, nyeupe, nchi ya magadi, ambako ukisimama mchana unaona maji kule mbele, unayafuata, unachoka wewe, na maji yako kule kule. Mmefika? Haya. Mnaotaka kufumba macho fumbeni, ila asikorome mtu.

Katika nchi hiyo palikuwa na usharika mmoja mdogo, na usharika huo ulikuwa na gari la wagonjwa. Jamani, walilipenda lile gari! Lilikuwa jeupe, lina kitanda ndani na mtungi wa oksijeni, na juu ya paa lina kitu ambacho watu wa kule hawajawahi kukiona: kofia ya plastiki ya mviringo, kama sufuria ya ugali iliyopinduliwa. Ndani ya kofia hiyo ndimo ilimokaa antena ya simu ya setilaiti. Maana kule mitandao yenu hii haifiki. Kule ukitaka kuongea na daktari, sauti yako inapanda mpaka kwenye chombo kinachoelea angani, juu kuliko ndege zote, halafu ndipo inashuka kwa daktari. Na kazi ya antena ni kukitafuta hicho chombo. Inageuka taratibu mle ndani ya kofia, inatazama juu, inatafuta.

Dereva wa gari hilo alikuwa mtu mzima, mpole, wa maneno machache na mawazo mengi. Alikuwa akiendesha huku roho yake imetangulia mbele, inatembea yenyewe kwenye weupe ule. Mnaona nimesema mpole, sikusema jasiri. Mshike hapo hapo, tutarudi.

Antena ililetwa na fundi kutoka mjini. Akaifunga, akavuta nyaya, akajaribu hiki na kile, kisha akamwita dereva pembeni, maana kitanda na mtungi vilikuwa bado njiani na lori la kumrudisha yeye mjini lilikuwa linapiga honi.

"Kaka, nisikilize vizuri," fundi akasema. "Antena hii ina dira ndani yake. Dira ndiyo inayoiambia kaskazini ni wapi, ndipo iweze kugeukia angani panapotakiwa. Lakini gari lako ni chuma, na chuma kinaivuta dira pembeni. Kwa hiyo vitu vyote vikishapakiwa, peleka gari uwandani, mbali na mabati, mbali na uzio, mbali na chuma chochote. Zunguka pale duara, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ukienda hivyo dira itajifunza. Itajua kuwa hiki kinachonivuta ni chuma changu mwenyewe, na ile pale ndiyo kaskazini. Taa ikiwa ya kijani, umemaliza."

"Na nikizungukia hapa hapa uani?" dereva akauliza.

Fundi akatazama uani. Katikati ya ua ilisimama kengele ya kanisa, kipande kirefu cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo mbili za chuma, kizito, kimepigwa miaka na miaka mpaka kimeng'aa upande mmoja. Ninyi mnazijua kengele hizo, wengi wenu mmelelewa nazo.

"Usithubutu," fundi akasema. "Ukizungukia hapo, dira itaidhani ile kengele nayo ni sehemu ya gari. Itatembea nayo kichwani kila uendako." Akapanda lori, akaondoka.

Basi vitu vikafika, vikapakiwa, na siku ya kuliweka gari wakfu ikawadia. Watu walijaa uani mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta. Na dereva alikuwa amejipanga: ibada ikiisha, nitakwenda zangu uwandani, nitazunguka, nitarudi. Hapo ndipo aliposimama mwenyekiti wa kamati ya gari. Maana na sisi tunajijua, kila kitu lazima kiwe na kamati!

"Dereva," mwenyekiti akasema kwa kipaza sauti, "nasikia gari linatakiwa kuzungushwa ili simu ishike. Sasa uende kuzungukia nyikani peke yako, uonwe na nani, mbuni? Zungukia hapa kwenye kengele, watu washuhudie."

"Mwenyekiti, fundi alisema uwandani."

"Huko uwandani kumewekwa wakfu na nani?"

Watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele. Yule dereva alisimama na ufunguo mkononi, na maneno ya fundi yalikuwa masikioni mwake, mazima kabisa. Alijua. Lakini macho ya watu wote yalikuwa kwake, na ngoma ilikuwa imeshaanza, na mpole ni mpole. Akapanda, akawasha gari.

Akazunguka kengele. Na wapendwa, nisiwadanganye, ilikuwa tamu! Nyuso zilipita polepole kwenye kioo cha mbele, zote zinacheka, vitambaa vinapepea, wimbo unaingia dirishani unatoka dirisha la pili, na kengele ipo pale ubavuni mwake muda wote kama mtu anayemshika bega. Aliona kama anaelea. Alitamani asifike mwisho. Na taa ikawaka kijani. Mwenyekiti akachukua simu, akampigia askofu huko mbali, na sauti ya askofu ikatoka kwenye spika ya gari pale uani, safi kabisa, "Bwana awabariki, watu wangu." Watu wazima walilia machozi.

Tangu siku hiyo ikawa ndio utaratibu. Kila Jumapili baada ya ibada gari linaegeshwa palepale chini ya kengele, simu inapigwa, watu wanasikia, wanafurahi, wanakwenda nyumbani kula. Haikukosa hata Jumapili moja. Mwenyekiti alizoea kusema, "Mtambo wetu haujawahi kutuangusha."

Niwaulize, simu hiyo ilikuwa nzima au mbovu? Nijibuni! Nzima? Si askofu mwenyewe ni shahidi? Haya, tuendelee.

Siku moja, kiangazi kimekaza, dereva na muuguzi walikuwa wameitwa boma moja la mbali sana, ng'ambo ya weupe ule. Kulikuwa na mama ana uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Muuguzi akampima, akatoka nje ya nyumba uso umembadilika.

"Kaka, mpandishe garini. Damu inamtoka na mimi sina la kufanya hapa. Hospitali kwa barabara hatufiki naye. Piga simu, ndege ya madaktari ije."

Wakampakia, na mama mkwe wake akapanda naye, bibi mmoja mkavu, mkali wa macho. Dereva akainua simu. Kile kioo kidogo kikaandika: inatafuta.

Akasubiri. Inatafuta. Akatoka, akapanda juu ya paa, akaifuta ile kofia vumbi kwa shati lake. Inatafuta. Akasogeza gari mbele, akafika kwenye uwanda wenyewe, hakuna mti, hakuna jiwe, mbingu imefunguka pande zote. Mbingu gani nyingine alikuwa anaitaka huyu mtu? Inatafuta. Na nyuma yule mama alikuwa hapigi tena kelele, na kunyamaza kwake kulimtisha dereva kuliko kelele.

"Iligoma lini?" muuguzi akauliza.

"Haijagoma, sista. Jumapili ilishika vizuri tu."

"Ilishikia wapi?"

"Kwenye kengele."

"Na kabla ya hapo?"

"Kwenye kengele."

"Na kwingine?"

Dereva aliona aibu. Kumbe miezi yote hiyo simu ile ilikuwa haijawahi kushika mahali pengine popote. Chini ya kengele hesabu zake zilikuwa sawasawa, maana kengele ilikuwepo. Huku nyikani kengele haipo, lakini dira ilikuwa bado inaihesabu, na antena ilikuwa inatazama kwa bidii zote, kwa uaminifu wote, upande ambao hakuna kitu.

"Sista, kosa ni langu," akasema. "Niliambiwa, nikajua, nikafanya vingine. Inabidi nizunguke."

"Zunguka, basi!"

Akaanza kuzunguka. Na mjue, wapendwa, duara lile haliendi haraka. Gari lililobeba mtu anayekufa, dereva anataka kukanyaga mafuta mpaka mwisho, na kazi inamtaka aende mwendo wa ng'ombe anayerudi nyumbani. Yule bibi akapiga bodi la gari kwa ngumi.

"Wewe baba umerogwa? Mwanangu anakufa unacheza michezo? Nyooka!"

Dereva akaongeza mwendo kidogo. Taa ikawa nyekundu, hesabu ikaanza upya. Akalia pale pale kwenye usukani. Nasema alilia, mtu mzima, huku anazunguka.

"Usimsikilize yeyote," muuguzi akasema kwa sauti ya chini. "Hata mimi."

Basi akazunguka taratibu. Mlima wa bluu ulipita kwenye kioo cha mbele, ukaenda zake. Ukaja weupe. Yakaja yale maji ya uongo, yanacheza, yakaja na miti iliyosimama kichwa chini ndani yake. Ukaja mlima tena. Hapakuwa na wimbo, wala kitambaa kinachopepea, wala mtu wa kumtazama. Ilibaki sauti ya magurudumu yakivunja ganda la magadi, na ile sauti ikaanza kumfikia kama mama yake alivyokuwa akitikisa kibuyu cha maziwa zamani, asubuhi, yeye akiwa amelala na hataki kuamka. Aliona kama ardhi ndiyo inayozunguka na gari limetulia. Ukaja mlima. Akasahau kamati, akasahau askofu, akasahau hata jina lake, akabaki na neno moja tu kinywani, na neno lenyewe lilikuwa "tafadhali." Weupe. Maji. Mlima. Hakujua ni tangu lini hakuwa amesali hivyo.

Taa ikawaka kijani.

"Nakusikia," ikasema sauti ya mtu kwenye simu. "Sema uko wapi."

Ndege ilikuja. Na rubani alisema hakupata shida kuwaona, maana kutoka juu, kwenye weupe ule mtupu, aliona duara moja kubwa limechorwa kwa magurudumu, na gari dogo limesimama juu ya mstari wake. Wakamchukua mama na muuguzi na bibi, wakapaa. Dereva akabaki peke yake na mlango wa nyuma uko wazi, hajui kama amewahi au amechelewa.

Na mtoto je? Ngojeni.

Jumapili iliyofuata gari likaegeshwa chini ya kengele kama kawaida, simu ikapigwa. Inatafuta. Mnaelewa kwa nini? Dira ilikuwa imeshajifunza kaskazini ya kweli, sasa kengele ikawa inaivuta kama chuma kingine chochote. Dereva akaeleza. Mwenyekiti akamkodolea macho.

"Kwa hiyo unatuambia kengele ya kanisa ndiyo mbaya?"

"Sijasema hivyo, mwenyekiti."

"Umetuharibia mtambo. Sikukuu ya mavuno wageni watakuwepo. Utazunguka kengele kama ulivyozunguka mwanzo, turudi kwenye hali yetu."

Na yule mpole akanyamaza. Ameona aliyoyaona kule nyikani, na bado akanyamaza! Msimcheke. Nyikani ulikuwa unamtazama mlima tu, na mlima hauna kamati.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Wageni wako mbele kwenye viti vya mito, watu wamejaa ua mzima. Dereva yuko kwenye usukani, ufunguo mkononi. Mwenyekiti akasema tujaribu kwanza mara moja ya mwisho, pengine Bwana atatusaidia. Akainua simu. "Nyamazeni kabisa!" Ua wote ukanyamaza mpaka ukasikia spika inavyokoroma. Watu wamebana pumzi, wanatega masikio wasikie sauti itakayotoka juu.

Na katika kimya hicho, kutoka kule nyuma kabisa kwenye ukuta, mtoto mchanga akalia.

Alilia kwa nguvu zake zote, mtoto mwenye mapafu mazuri. Watu wakageuka, wengine wakanuna. Mwenyekiti akairudisha simu garini.

"Nani huyo? Mama, hebu toa mtoto nje ya uzio. Anatuharibia simu!"

Mama akainuka. Alikuwa mwembamba bado, anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa ametoka mbali kuja kushukuru, na hakuna aliyekuwa amemuuliza ametoka wapi. Nyuma yake akainuka bibi mmoja mkavu, mkali wa macho, akamfunika mtoto kwa kanga. "Twende, mwanangu," akasema, wala hakushusha sauti. "Kwa ajili ya huyu tulisikilizwa huko huko nje." Wakatoka getini.

"Haya, dereva," mwenyekiti akasema. "Zunguka."

Dereva akawasha gari. Ngoma ikaanza, vitambaa vikapepea, mwenyekiti akatabasamu. Gari likasogea taratibu, nyuso zikaanza kupita kwenye kioo cha mbele, zinacheka. Kengele ikaja ubavuni. Kisha geti nalo likaja kwenye kioo, na katikati ya geti, kwenye mwanga ule mweupe wa nje, dereva aliona kanga inakwenda zake polepole.

Akanyoosha usukani. Gari likaiacha kengele, likapita katikati ya ngoma, likapita mbele ya viti vya wageni, likatoka nje ya uzio, likaenda mbele, mbele, mpaka likamfikia yule mama. Akasimama. Akampandisha yeye na bibi na mtoto. Halafu akainua simu pale nje, na watu waliobaki uani, wenye kengele yao, wakasikia kwa mbali, kupitia kwenye spika ya gari, sauti ya mtu akijibu.

Mfano wangu umeishia hapo.

Sasa tuzungumze sisi kwa sisi. Nimekuwa mchungaji muda wa kutosha kujua tunavyoomba humu ndani. Tunaomba vizuri! Humu simu inashika. Kwaya ikiimba inashika, nikipaza sauti mimi inashika, jirani akiinua mikono na mimi naona imenishika. Lakini niwaulize yale yale aliyoulizwa dereva, na usimjibu mwenzako, jibu kwenye moyo wako. Mara ya mwisho ilishika lini? Jumapili. Ilishikia wapi? Kanisani. Na kabla ya hapo? Kanisani. Na kwingine? Juzi ulipokuwa wodini na mzazi wako, ilishika? Ulipokuwa peke yako chumbani na lile jambo ambalo hujamwambia mtu, ilishika, au iliandika inatafuta?

Mungu hajahama. Setilaiti ilikuwa palepale juu ya yule mama siku nzima. Sisi ndio tuliojifunza kaskazini yetu pembeni ya chuma. Tumezoea kusifiwa, tumezoea kutazamwa, tumelizoea jina la usharika wetu, mpaka tunadhani uzito ule ni sehemu ya Mungu mwenyewe. Siichukii kengele, kengele naipenda, inaniamsha. Lakini kengele ni ya kutuita tuje, ikishatuita kazi yake imekwisha. Wiki hii nendeni mahali pasipo na mtu wa kuwaona. Mkazunguke huko taratibu, hata kama kuna anayewapigia bodi la gari na kuwaambia mnyooke. Msiongeze mwendo. Semeni neno moja tu kama hamna mawili.

Nami nina neno la mwisho, na hili si la wiki hii, ni la sasa hivi. Wakati wa matangazo nilimwona mama mmoja akioneshwa mlango kwa sababu mtoto wake alikuwa akilia. Nilimwona, na ninyi mlimwona. Sijui ametoka wapi, na nadhani hakuna humu ndani aliyemuuliza. Mzee wa zamu, hebu nenda kamwite, mwambie nafasi yake iko hapa mbele.

Nenda tu, baba. Tunamsubiri.